Sanduku la Kwanza la Mohamed Amin

Kijana aliingia dukani kwangu asubuhi, amebeba mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba ya mkonge.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe muno. Karibu."

"Nimekuja uniangalizie hii redio kama itapona. Nilikuwa nafagia stoo ya guka, babu yangu, nikaipata juu ya dari."

Nilifungua mfuko. Ndani mlikuwa na sanduku jeusi, ukubwa wake kama nusu mkate wa dukani, limevikwa kitu kinachofanana na ngozi ambacho mende walikuwa wameanza kukitafuna pembeni. Mbele lilikuwa na tundu moja la duara. Juu na ubavuni lilikuwa na vidirisha viwili vidogo vya kioo, na nyuma tundu jekundu lisilozidi upana wa kitufe cha shati. Nilivuta kiti nikakaa, maana kitu hicho nilikuwa nimekitafuta mwaka mzima.

"Hii si redio, kijana wangu," nikamwambia. "Ni kamera. Guka wako alikuwa akifanya kazi wapi?"

"Rosterman. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale mgodini."

Mimi ni fundi wa kamera, na siku hizi pia wa simu, hapa mjini Kakamega, si mbali na soko. Kazi hii niliirithi kwa baba yangu, aliyekuwa akizunguka na baiskeli siku za soko akiwapiga watu picha na kuwaletea wiki inayofuata. Sanduku lile nililitaka kwa sababu moja. Nilitaka kumwelewa Mohamed Amin kuanzia mwanzo wake.

Wengi wetu tunamjua kwa kazi zake za mwisho. Ndiye Mkenya aliyepiga filamu ya njaa ya Korem, Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984. Kazi hiyo, pamoja na taarifa ya Michael Buerk wa BBC, iliwatoa watu machozi dunia nzima, na mwaka uliofuata wanamuziki wakafanya tamasha la Live Aid kuchangisha misaada. Lakini kabla ya Korem, kabla ya televisheni, kulikuwa na mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyezaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, na kuhamia Tanganyika na wazazi wake. Akiwa na umri wa miaka 11 alijipatia kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie. Huo ndio mwanzo wake.

Vitabu na makala huitaja Brownie kwa sentensi moja, kisha huyo, mbio kwenye vita na mapinduzi. Mimi fundi sentensi moja hainitoshi. Seremala ukimwambia kwamba fulani alijifunza kazi kwa randa ya mkono, atakuuliza randa ya namna gani, iliuma vipi, ilimchosha wapi. Nilitaka kujua sanduku hili lilimkubalia mtoto yule nini na likamkatalia nini.

Kabla ya sanduku

Kupata picha barani kwetu hapo zamani kulikuwa kazi ya kumuua mtu. Mwaka 1860 Kapteni James Augustus Grant, Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha Unguja, na picha hizo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za kisiwa hicho zilizosalia. Wakati huo filamu ya kuviringisha ilikuwa bado. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakimwagia dawa nzito inayonata, akakichovya kwenye maji ya fedha ndani ya giza, akakipeleka kwenye kamera kingali kibichi, akapiga, kisha akarudi mbio kukiosha kabla hakijakauka. Yote hayo aliyafanya ndani ya hema dogo lililofungwa kila upande ili mwanga usipenye.

Sasa liweke hema hilo kwenye jua la bara. Speke aliandika kwamba alivirudisha pwani vyombo vya picha, kwa sababu joto alilolipata mwenzake humo hemani wakati wa kuandaa vioo vyake lingemmaliza upesi. Grant akaendelea na safari akichora kwa mkono.

Miaka 40 baadaye, mwezi wa Februari 1900, kampuni ya Kodak ya George Eastman ilitoa kamera ya kwanza ya Brownie. Aliyeibuni ni Frank Brownell. Ilikuwa boksi la karatasi ngumu lenye kioo kimoja, na bei yake huko Marekani ilikuwa dola 1. Filamu yake iliuzwa senti 15. Matangazo yake yaliwalenga watoto. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine iliyotumia filamu namba 120, na filamu hiyo inatengenezwa hadi leo. Kwa zaidi ya nusu karne Brownie zikawa zinabadilishwa sura, namba na mapambo, lakini moyo wake ni ule ule: sanduku, kioo kimoja, chemchemi moja.

Zilifika huku mikononi mwa wageni. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson alipata dhahabu Kakamega, na muda si muda Wazungu wakamiminika katika wilaya iliyoitwa North Kavirondo wakati huo. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ili wachimbaji wapate nafasi katika mashamba ya watu wetu bila wenyewe kupewa ardhi nyingine. Katika miaka hiyo kamera ya sanduku ilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba ya Mzungu, na sisi tulikuwa mbele ya lenzi, mara chache sana nyuma yake. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Miaka miwili mitatu baadaye, Mohamed Amin, mtoto wa Kiasia wa Dar es Salaam, alikuwa amesimama nyuma ya lenzi kama hiyo hiyo, na sanduku ni lake.

Ndani ya sanduku

Nilimlipa kijana, nikafunga duka mapema, nikalifungua sanduku juu ya meza. Ndani hakuna siri. Kuna kioo kimoja kilichopinda kidogo, mfano wa kioo cha miwani ya kusomea. Mbele yake kuna kisahani cha bati chenye tundu. Ukisukuma kiwiko cha pembeni, chemchemi inakirusha kisahani, tundu linapita mbele ya kioo, mwanga unaingia kwa muda wa karibu sehemu moja ya 50 ya sekunde, basi. Mafundi tunakiita shata. Chemchemi yangu ilikuwa imeshika kutu. Niliisugua kwa pamba na spiriti, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha ya sindano, ikaruka. Mlio wake ni mdogo, tik, kama ukucha kwenye meza.

Hakuna cha kuongeza mwanga wala cha kupunguza. Hakuna cha kusogeza ili picha iwe kali. Kilicho umbali wa mita 3 hivi na kuendelea kitaonekana vizuri, kilicho karibu zaidi kitakuwa ukungu. Hakuna kinachokuzuia kupiga picha mbili juu ya filamu moja ukisahau kuzungusha ufunguo. Unakijua kipande ulichofika kwa kuchungulia namba katika lile tundu jekundu la nyuma, na namba ya mwisho ni 8. Picha nane, filamu imekwisha.

Kulikuwa na shida moja. Sanduku langu ni la filamu namba 620, ambayo haitengenezwi tena. Filamu yenyewe ni ile ile ya 120, ila kigurudumu chake ni chembamba. Kwa hiyo niliagiza 120 kutoka Nairobi, nikangoja usiku, nikazima taa, nikaingia chini ya blanketi mbili, nikaiviringisha kwa vidole kutoka kigurudumu kinene kwenda chembamba. Jasho lilinitiririka hadi machoni. Nilimkumbuka Grant katika hema lake.

Picha nane za Kakamega

Nilijiwekea sharti: nipige filamu moja tu, kama mtoto asiye na pesa ya filamu ya pili.

Ya kwanza niliipiga Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu, ambako jiwe letu linaloitwa Ikhongo Murwi limesimama likitiririkwa na maji kama mtu anayelia. Jiwe halikimbii, na jua lilikuwa limepanda. Sanduku hulitazami kwa jicho. Unalishika tumboni, unainamisha kichwa, unaangalia kidirisha cha juu, na humo kulia kunakuwa kushoto. Ukitaka kulisogeza jiwe upande huu, mikono yako inalipeleka upande ule. Nilihangaika dakika nzima, nikabana pumzi, nikapiga.

Ya pili, ya tatu na ya nne nilizipeleka kwenye mchezo wa mafahali, upande wa Ikolomani. Asiyeujua mchezo huo aje auone: watu wamejaa tangu alfajiri, ngoma za isukuti zinapigwa hadi kifua kinatetemeka, na mafahali wawili wanagongana vichwa huku wenyewe wakikimbia kando yao. Nilipiga mpiga ngoma mmoja. Nikapiga mafahali mara mbili. Nilijua ninachofanya, lakini nilitaka kuona kwa macho yangu.

Ya tano na ya sita nilimpiga kukhu, bibi mzee mmoja ninayemjua, muuza mboga za tsisaga na mrenda sokoni. Nilihesabu hatua tatu kubwa kutoka kwake, nikapiga. Kisha nikasogea hatua moja, nikapiga tena.

"We mwana, mbona unaniinamia kama unayeniomba msamaha?" akauliza.

"Kukhu, kamera hii ndivyo inavyotaka."

"Basi ni kamera yenye adabu," akasema, akanyoosha leso yake mabegani.

Ya saba niliipiga Muliro Gardens, watu wamekaa chini ya miti. Ya nane nitaieleza mwisho.

Nilizisafisha usiku huo huo. Jiwe la Ilesi lilitoka zuri, kali katikati na laini pembeni, kwa sababu kioo kimoja hakiwezi kuzikaza pembe zote za picha. Mpiga ngoma alitoka na uso wake kamili, lakini mikono yake ilikuwa moshi. Mafahali walikuwa wingu moja lenye pembe nne. Kukhu wa hatua tatu alitoka hai: unaweza kuhesabu mikunjo ya leso. Kukhu wa hatua mbili alikuwa ukungu. Na Muliro Gardens, chini ya kivuli cha miti, palikuwa giza tupu.

Hapo ndipo nilipouona mkono wa mtoto wa Dar es Salaam. Sanduku hili linamkatalia mwendo, linamkatalia kivuli, linamkatalia kukaribia mno. Linamkubalia kitu kimoja tu: simama hatua tatu kutoka kwa mtu, jua likiwa nyuma yako, naye akijua upo. Halina kioo cha kumvuta aliye mbali. Ukiwa mbali, mtu anakuwa punje. Ukitaka aonekane, ni miguu yako itakayompeleka kwenye picha. Na kwa kuwa una nane tu, unaangalia kwanza, unapiga baadaye.

Mohamed Amin hakukaa na sanduku hilo muda mrefu. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa tayari akiuza picha kwa magazeti, na mwaka 1963, hajatimiza miaka 20 au ndiyo anatimiza, alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam. Mashindano ya magari ya Safari, aliyoyapiga miaka mingi, yasingewezekana kwa shata ya sehemu moja ya 50: gari lingetoka kama fahali wangu. Alihitaji kamera za kasi, kisha kamera za filamu za milimita 16 kwa ajili ya televisheni. Na hizo nazo zilikuwa na ubahili wake. Mkanda wa futi 100 hukwisha kwa muda usiofika dakika 3, hivyo aliyezoea kuhesabu picha nane hakuwa mgeni wa kuhesabu sekunde.

Lakini angalia alivyosimama. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi katika barabara iliyoitwa Government Road, Nairobi, Amin hakupiga kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa ndani ya ambulensi, pamoja na waliokuwa wakijaribu kumwokoa Mboya. Zanzibar alifungwa karibu mwezi mzima mwaka 1966. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa pale kazini. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki, naye akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kushika kamera. Hadi alipofariki tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara na kuanguka baharini Ngazidja, alikuwa mtu wa kwenda penye jambo. Sisemi sanduku ndilo lililompa ushujaa. Moyo wa mtu hautoki dukani. Ninachosema ni kwamba miguu yake ilifundishwa mapema kwamba picha haiji, picha hufuatwa.

Pima kwa rula

Msomaji, huenda nyumbani kwenu kuna bahasha ya negativu za zamani. Usizitupe. Negativu ni ushahidi wa kamera iliyoizaa, na wewe mwenyewe unaweza kuusoma kwa rula ya mtoto wa shule.

Pima picha. Ikiwa ni mstatili wa sentimita 6 kwa 9 hivi, isiyo na matundu pembeni, huenda imetoka kwenye kamera ya sanduku au zile za kukunja za wakati huo. Ikiwa ni mraba wa sentimita 6 kwa 6, mara nyingi ni ya kamera za lenzi mbili zilizosimama moja juu ya nyingine, zilizopendwa sana na wapiga picha wa studio na magazeti. Ikiwa ni ndogo, milimita 24 kwa 36, na ina safu ya matundu juu na chini, hiyo ni filamu ya milimita 35. Kisha angalia ukingo wa picha kwa kioo cha kukuzia. Kila kamera ina fremu ya bati ndani, na kwenye bati hilo mkwaruzo au kombo lolote huacha alama yake ile ile kila picha, kama pengo la jino. Negativu mbili zenye pengo moja ni ndugu wa tumbo moja. Mwisho angalia kimo. Picha iliyopigwa kutoka tumboni humfanya mtu aonekane mrefu, na macho yake huwa yameshuka kidogo kuitafuta lenzi.

Kwa njia hiyo unaweza kujua mpiga picha alibadilisha kamera mwaka gani, kabla hata hujasoma barua yake. Mkusanyiko wa Mohamed Amin umehifadhiwa Nairobi chini ya uangalizi wa mwanawe, Salim Amin. Una mamilioni ya picha, na maelfu kati yake sasa yanatazamwa na yeyote kwenye intaneti. Huyo ni mmoja aliyebahatika kuwa na mrithi anayejali. Katika miji yetu hii ya magharibi nimeona kwa macho yangu studio moja ikihama, na magunia mawili ya negativu yakichomwa nyuma ya nyumba. Harusi, mazishi, wanafunzi wa kwanza kuvaa viatu, vyote vilikwenda na moshi mweusi unaonuka. Niliokoa konzi moja tu ya negativu, kwa kuchelewa. Bado jambo hilo linaniuma.

Ukiwa nazo, zitoe kwenye nailoni inayotoa jasho. Ziweke katika bahasha za karatasi kavu, mbali na jiko na dari linalovuja. Andika majina kwa penseli juu ya bahasha, leo, wakati kukhu yungali anawakumbuka waliomo.

Kivuli

Baada ya kupima negativu za watu nikachukua rula hiyo hiyo nikaenda kwenye mkebe wa baba. Ni mkebe wa majani ya chai uliojaa kazi zake. Siku zote niliamini kwamba alianza na kamera ya lenzi mbili, kwa sababu ndiyo niliyoikuta nyumbani na ndiyo niliyojifunzia. Za juu zote zilikuwa mraba, sita kwa sita. Chini kabisa, zimeshikana kwa unyevu, nilipata kumi na moja zenye upana wa sita na urefu wa tisa.

Baba alikuwa na sanduku. Hakupata kuniambia.

Nilizinyanyua moja moja mbele ya taa. Mtu mmoja, watu wawili, bwana na bibi arusi, wote wamesimama umbali ule ule. Ningeweza kusema hatua tatu bila kupima. Na katika nane kati yake, chini, kwenye nyasi mbele ya miguu ya watu, kulikuwa na kivuli. Jua lilikuwa nyuma ya baba kama ilivyompasa, likamlaza chali ndani ya picha yake mwenyewe: kofia, mabega, na viwiko viwili vimebanwa tumboni, kichwa kimeinama.

Sina picha nyingine ya baba akiwa kazini. Alipiga kila mtu, na hakuna aliyempiga yeye.

Picha yangu ya nane niliipiga jioni, uani kwangu. Nilisimamisha kiti kitupu, nikahesabu hatua tatu, nikaligeuzia jua mgongo. Ilipokauka niliiweka kando ya moja ya zile zake. Kiti kimetoka vizuri. Mbele yake, kwenye nyasi, kuna mtu ameinamisha kichwa, viwiko vimebanwa tumboni.